Hali Nyepesi

1

Kompyuta ilizimika kwa mara ya nne Jumamosi asubuhi, katikati ya neno.

"Asante, mwanangu, uji ulikuwa mta—" ilisema sauti ya Mama kutoka kwenye spika. Skrini ikawa nyeusi, feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

Lugano alimaliza kusukuma uji uliobaki kwenye mrija, akaufunga, akafuta tumbo la mama yake kwa kitambaa cha maji ya moto. Baada ya hapo ndipo akaigeukia kompyuta. Hakuwa na hasira wala hofu. Alikuwa na ratiba: saa kumi na mbili kumgeuza, saa moja uji, saa mbili kumnyoosha miguu. Kuzimika kwa kompyuta hakukuwamo kwenye ratiba, basi.

Mama yake, Mwalimu Sekela, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, akitazama pale alipoelekezwa. Miaka minne iliyopita mshipa ulipasuka kichwani mwake, na tangu siku hiyo hakuna kiungo kilichomtii, hata kope. Kichwani alivaa kofia ya kijivu iliyobana, yenye vihisio mia mbili vya kusoma ubongo. Waya ulitoka kwenye kofia hadi kwenye kompyuta ya mezani pale konani, na kompyuta ikamsemea. Mtambo huo watu waliuita Kinywa. Sheria ilikataza mawazo ya mtu kutoka nje ya nyumba yake, kwa hiyo kila Kinywa kilikuwa na kompyuta yake, na kila nyumba ilijua yenyewe jinsi ya kuitunza.

Hii ya kwao ilikuwa imeanza kupiga kelele tangu mwezi uliopita. Feni ilivuma mpaka majirani wakauliza kama wamenunua mashine ya kusaga. Jana yake Lugano alifungua kasha, akang'oa bati la kupozea lililokaa juu ya prosesa, akakuta pesti ya kupitisha joto imekauka kama chokaa. Aliikwangua, akapangusa kwa spiriti, akaweka tone jipya la ukubwa wa punje ya choroko, akarudisha bati. Kelele ziliisha. Lakini sasa mashine ilikaa dakika tatu tu, kisha ikakata.

Aliiwasha tena. Ikakaa dakika mbili na nusu. Ndipo akampigia fundi.

2

Fundi Asumwisye alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, anayetengeneza simu, redio na vipaza sauti vya makanisa pale Tukuyu mjini. Aliingia akivua buti zenye matope mlangoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, dada Lugano." Akasogea mbele ya kiti cha magurudumu, akainama kidogo. "Shikamoo, Mwalimu. Ni mimi Asumwisye, yule wa darasa la sita, uliyekuwa ukimtoa nje ya darasa kila siku."

Siku nyingine spika ingejibu, Marahaba, Asumwisye, hujambo baba? Leo kulikuwa kimya.

"Imeanza lini?"

"Jana, baada ya kubadilisha pesti."

"Ulibadilisha mwenyewe?"

"Ndiyo. Nilisomea jotoardhi miaka miwili, fundi. Pampu, mabomba, vipoza joto. Kitu kidogo kama hiki sikudhani kingenishinda."

Fundi alikwenda mezani. Aliwasha mashine, akaingia kwenye ukurasa wa ndani unaoonyesha joto la prosesa, wakasimama wote wawili kuutazama. Nyuzi arobaini na nane. Sitini na tano. Themanini. Tisini na sita. Ilipofika mia, ikazima.

"Inajiokoa," alisema. "Bati halijakaa."

Alifungua kasha, akabonyeza miguu minne ya plastiki inayoshika bati. Mitatu ilikuwa imara. Wa nne uliingia chini ya kidole chake ukalia *tak*. Akaing'oa tena yote, akamwonyesha. Pesti ilikuwa imebanwa upande mmoja tu, upande wa pili bado tone lilikuwa limeinuka kama lilivyowekwa.

"Mguu mmoja, dada. Hapa kulikuwa na hewa. Si kosa kubwa, hata mimi limewahi kunipata."

Lugano aliitikia kwa kichwa. Wakapangusa, wakaweka pesti nyingine, miguu yote minne ikalia. Joto lilipanda hadi thelathini na tisa, likatulia. Fundi akafungua programu ya Kinywa.

Kwenye pembe ya skrini palitokea maneno HALI KAMILI. Lugano aliyatazama. Kwa karibu miaka minne pembe ile ilikuwa imeandikwa HALI NYEPESI, na siku zote alidhani maana yake ni kwamba mashine haijalemewa.

Spika ilikwaruza. "Si—" ilisema, na mashine ikazima.

"Ilikuwa nyuzi ngapi?" aliuliza fundi.

"Hamsini na moja."

"Basi hii si joto tena." Alikuna shavu. "Hii ni nyingine."

3

Walijaribu kimoja baada ya kingine. Fundi alichomoa waya wa umeme wa prosesa, akauchomeka upya kwa nguvu. Waliwasha, wakasubiri. Sauti ikaja, ileile ya Mama, lakini kavu, ikitoa silabi mojamoja kama mtu anayepanda ngazi.

"Si-ki—"

Ikazima.

Akatoa kipande kimoja cha memori. Wakawasha.

"Si-ki-o la ku—"

Ikazima. Akabadilisha soketi ya ukutani, akaleta waya mrefu kutoka sebuleni.

"Ku-sho-to."

Giza.

Lugano alikwenda nyuma ya kiti. Chini ya sikio la kushoto, mkanda wa kofia ulishikwa na pedi iliyobandikwa na wauguzi walioifunga. Walikuwa wameonya isibanduliwe, vihisio vingehama. Aliinua ukingo wake kwa ukucha. Harufu ilitoka kwanza. Ngozi ilikuwa imechimbika, nyekundu, na katikati palikuwa na usaha.

Kila asubuhi kwa miaka minne alikuwa amemuuliza, "Mama, unaumwa popote?" Na kila asubuhi alijibiwa, "Niko salama, mwanangu, Mungu akubariki." Alileta beseni, akaosha kidonda, akakiwekea shashi safi kabla ya kurudisha pedi. Vidole vyake vilifanya kazi vizuri tu.

"Fundi," alisema bila kugeuka. "Hali nyepesi ni nini?"

Asumwisye alikuwa ameiwasha mashine bila kufungua Kinywa, anasoma kumbukumbu zake, na alikuwa ameacha kuzungusha bisibisi mkononi.

"Kinywa kina hali mbili," alisema taratibu. "Hali kamili inasoma kofia yote. Ni kazi nzito, inataka umeme mwingi, na prosesa inachemka. Ikishindwa kupoa, mashine inajishusha yenyewe. Sasa hiyo nyepesi inasoma kitu kimoja tu, kwamba mtu anataka kusema."

"Na anachotaka kusema?"

"Inakisia. Mlipofungiwa mliipa sauti zake za zamani?"

"Ujumbe wake wa simu. Kama elfu mbili hivi. Waliomba."

"Basi. Inatoa humo."

Mwalimu Sekela alikuwa mtamu kwenye simu. Ndugu wa mbali, wazazi wa wanafunzi, akina mama wa kanisani, wote waliitwa *mwanangu* na *mpenzi* na wakaombewa baraka. Akishakata simu alirudi kuwa yeye, mwanamke wa maneno machache ambaye hakuwahi kumshukuru mtu kwa kumpikia.

"Tangu lini?" aliuliza Lugano.

Fundi aligeuza skrini ili asome mwenyewe. Hali kamili ilifanya kazi wiki saba za kwanza. Kisha, tarehe ishirini na mbili Machi ya mwaka ule, joto lilizidi, mashine ikajishusha, na haikupanda tena mpaka leo.

Tarehe hiyo aliikumbuka. Wiki saba Mama alikuwa ametoa silabi tu, *ma*, *ne*, *ka*, na mtaalamu akisema ajifunze polepole. Halafu asubuhi moja alifunguka akasema, "Asanteni wote, wapenzi wangu, nimewakumbuka mno." Kwaya ilikuja kuimba uani. Watu walilia. Lugano alikuwa amewapikia pilau.

Aliikumbuka pia siku barua ilipotoka kituo cha jotoardhi, kwamba nafasi yake ipo, aripoti kabla ya mwisho wa mwezi. Alimsomea Mama kwa sauti. Spika ikasema, "Baki nami, mwanangu." Barua aliijibu siku hiyohiyo.

Na uji. Uji uliingia tumboni kwa mrija, haukupita mdomoni hata mara moja. Kila asubuhi ulikuwa mtamu. Alikuwa amelifikiria hilo siku moja, mwaka wa kwanza, halafu akaacha kulifikiria.

Alingoja kuona kama atalia. Hakulia. Nje mvua ilianza.

"Tatizo ni pawa saplai, kile kifaa kinachoipa mashine umeme," alisema fundi, kwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kusimama. "Imechoka. Hali nyepesi ilikuwa haiidai umeme mwingi. Sasa prosesa imepoa, hali kamili inaamka, inavuta umeme kwa mkupuo, pawa saplai inashindwa, inakata. Ninayo nzima dukani, niliitoa kwenye mashine ya studio."

Akashika kipanya bila kubofya.

"Au?" aliuliza Lugano.

"Au naweka alama hapa." Alionyesha kisanduku kidogo kwenye skrini. "Ibaki nyepesi moja kwa moja. Haitazimika tena. Nyumba nyingi nimewawekea hivyo."

"Na huwa unawaambia ni nini?"

"Wengi hawaulizi, dada."

4

Kaka yake Gwakisa aliwakuta hivyo, mmoja amekaa sakafuni na bisibisi, mwingine amesimama nyuma ya kiti na shashi mkononi. Alikuwa ameleta maziwa, kama kila Jumamosi, na koti lake lilichuruzika maji.

"Mbona Mama amenyamaza?"

Lugano alimweleza. Alieleza kwa mpangilio, kama ripoti: pesti, mguu wa bati, hali mbili, tarehe, kidonda. Gwakisa alikiangalia kidonda, akageuza uso.

"Washa hiyo nyepesi," alisema. "Nataka kusikia."

Fundi alimtazama Lugano. Lugano akachukua kipanya mwenyewe, akaweka alama kwenye kisanduku. Mashine iliwaka, ikatulia, wala feni haikusikika.

"Wanangu," ilisema sauti ya Mama, laini, yenye pumzi. "Nimefurahi mko pamoja. Mungu awabariki."

Gwakisa aliziba macho kwa kiganja.

"Mama," alisema Lugano, "uji wa leo ulikuwaje?"

"Mtamu sana, mwanangu. Asante."

"Na sikio, linauma?"

"Hapana, mwanangu. Niko salama kabisa."

Fundi Asumwisye aliinuka, akasema anaifuata ile pawa saplai, waikubali au waikatae watajua wenyewe, akatoka kwenye mvua bila kungoja jibu.

Gwakisa alivuta kigoda, akakaa karibu na dada yake, mbali na kofia.

"Sikiliza. Hilo sikio tutalitibu. Tutakuwa tunamkagua mwili mzima kila siku, mimi nitakuja asubuhi, mke wangu Tumpe atakuja jioni. Kitu chochote unachotaka. Lakini sauti iache."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Alijua. Siku ile Mama alipoanguka, nyumbani alikuwapo Gwakisa peke yake, amelala sebuleni na ulevi wa usiku. Mama alimwamsha, akamwambia mkono umekufa ganzi, ampeleke hospitali. Gwakisa alimwambia asubiri mvua ikatike. Mama alisubiri kwa muda wa saa tatu. Baada ya hapo, mwaka mzima hakuweza kuingia chumba hiki. Alikunywa mpaka akakonda. Mwishoni wajomba walimleta, akapiga magoti mbele ya ukoo, na spika ikasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Inuka ule." Aliinuka. Aliacha pombe wiki hiyohiyo. Alioa. Alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

"Kama ile haikuwa sauti yake," alisema Gwakisa, "basi mimi nilisamehewa na nani?"

Lugano aligeukia skrini. Alitazama kisanduku chenye alama. Jambo ambalo hakumwambia kaka yake ni kwamba yeye pia aliitaka sauti ile. Kwa miaka minne ndiyo iliyomwambia asante. Hakuna mtu mwingine aliyemwambia. Kama angeiacha, kesho asubuhi ingemwambia tena, na kesho kutwa, na ratiba ingeendelea. Mama halisi angeweza kuamka na kumlaumu kwa kidonda. Angeweza kukaa kimya mwezi mzima. Angeweza kumwambia Gwakisa neno ambalo baada yake asingeinuka tena.

"Atakuumiza," alisema.

"Najua."

"Na mimi ataniumiza."

"Basi iache, Lugano. Nakuomba, mdogo wangu."

"Kaka, amekuwa akisema sikio linamuuma. Sijui kwa muda gani. Labda mwaka. Kila siku anasema, na kila siku anajisikia akijibu kwamba yuko salama. Kwa sauti yake mwenyewe. Masikio yake ni mazima, anasikia." Alisita. "Na hata sasa anatusikia, tunavyojadiliana kama tumrudishie mdomo."

Gwakisa aliinua kichwa, akamtazama mama yake, kama aliyesahau kwamba yumo chumbani.

"Wanangu, msigombane," ilisema spika kwa upole.

Lugano aliondoa alama kwenye kisanduku, akaizima mashine, akachomoa waya wake ukutani.

5

Kubadilisha pawa saplai kulichukua nusu saa. Fundi alifunga skrubu ya mwisho, akaacha kasha wazi, akawasha. HALI KAMILI. Nyuzi arobaini na nne. Hamsini na mbili. Hamsini na nane, zikasimama hapo. Dakika moja ikapita, ya pili, ya tano. Mashine haikuzima. Kwenye skrini mstari wa kijani ulikuwa unatetemeka bila kukoma, na spika ikakwaruza.

"Na-ni yu-po?"

"Mimi, Mama. Lugano. Yupo kaka Gwakisa, na Fundi Asumwisye."

Ilichukua muda. Kila silabi ilikuja peke yake, na kati ya neno na neno mtu angeweza kufunga kamba za viatu.

"Asumwisye. Toka nje."

Fundi alikusanya bisibisi zake, akatoka haraka, huku ameinamisha kichwa.

"Lugano."

"Abee, Mama."

"Sikusema ubaki."

"Najua. Nimejua leo."

"Nilisema nenda." Mstari wa kijani ulishuka, ukapanda. "Mara nyingi. Ukaniletea uji."

Lugano alisimama na mikono pembeni. Alifikiri sasa kitu kitakuja, kilio au hasira au hata furaha, na alikingoja kama mtu anayengoja maji kwenye bomba lililokatika. Vidole tu vilikuwa baridi. "Ndiyo, Mama," alisema.

Gwakisa alikuwa ameshapiga magoti. Si mbele ya kiti, bali pale alipokuwa, kando ya meza.

"Mama, ni mimi. Siku ile. Nilikwambia usubiri." Alishika ukingo wa meza. "Nilikuomba msamaha mbele ya wajomba. Sijui kama ulikuwa umenisamehe. Naomba uniambie mwenyewe."

Mstari wa kijani ulitetemeka. Lugano alihesabu bila kukusudia, akafika sitini, akaanza upya. Joto la prosesa lilipanda hadi sitini na tatu. Bati lilishika.

"Ba-do," ilisema spika.

Gwakisa aliinamisha kichwa hadi paji likagusa sakafu. Kisha akainuka, akaokota koti lake lililolowa, akaenda mlangoni kama mtu aliyeambiwa ofisi imefungwa.

"Gwakisa."

Akasimama.

"Nani kasema uondoke?" Pumzi ndefu ya mashine. "Kaa mbele. Sikuoni."

Lugano ndiye aliyevuta kigoda, akakiweka mbele ya kiti cha magurudumu, mahali macho ya Mama yalipoelekezwa. Gwakisa alikaa, koti mapajani. Mama na mtoto walitazamana.

"Siku ile," ilianza spika. "Nitakwambia. Kuanzia asubuhi. Usinikatize."

"Sitakukatiza, Mama."

"Ni-li-a-mka. Sa-a. Ku-mi."

Lugano alitoka, akavuta mlango nyuma yake. Fundi Asumwisye alikuwa barazani, amekaa juu ya sanduku lake la vifaa. Alisogea kando akampa nafasi.

"Imekaa?"

"Imekaa. Haizimi."

"Anasema nini?"

"Anamweleza kaka. Itachukua mpaka jioni, kwa mwendo ule."

Fundi aliitikia, akawasha sigara, akakumbuka yuko barazani kwa Mwalimu, akaizima. Kupitia ukutani walisikia sauti kavu ikiendelea, silabi kwa silabi, na Gwakisa hakuikatiza. Saa saba ilifika, saa ya kumgeuza. Lugano alinyanyuka nusu, kisha akasikia kaka yake anasogeza kiti, akisema, "Hivi, Mama? Au zaidi kulia?" Akaketi tena.

Hakujua mikono yake aiweke wapi. Aliiweka magotini, akakaa hivyo mpaka mvua ilipokatika, na hakuna aliyemwita.